Ua la Mama na Kopo la Jivu

Mama alishuka mlimani na vitu vitatu: begi la nguo, kinu kidogo cha kutwangia viungo, na kijiti cha ua alichokifunga kwenye ganda bichi la mgomba. Begi nililibeba mimi. Kinu alikibeba dereva wa bodaboda juu ya tangi la mafuta. Kijiti hakumpa mtu. Alikipakata njia nzima ya Matombo, na mashimo yote yale, kama mtu aliyebeba trei ya mayai, na kila tuliposimama alifungua ganda akakichungulia.

Nilikuwa nimemfuata kwa sababu ya goti. Mwishoni mwa masika aliteleza kwenye njia ya kisimani akiwa na ndoo kichwani, goti la kulia likageuka. Aliona aibu kupiga kelele za kuomba msaada, kwa hiyo alikaa pale kwenye tope akaimba nyimbo za kanisani kwa sauti kubwa, moja baada ya nyingine, mpaka majirani waliokuwa wakishuka na mikungu ya ndizi wakamkuta. Niliposimuliwa kwenye simu nilicheka sana, halafu nikakaa chini na kuacha kucheka. Mama yangu ana miaka sabini na kitu. Nyumba yake iko mahali ambapo gari likikushusha barabarani unapanda saa nzima kuifikia, na anaishi peke yake. Dada yangu yuko Turiani, ana vyumba viwili na watoto watano. Nilibaki mimi.

Nilitaka aje kukaa kwangu Morogoro mjini. Si kutembea, kukaa. Lakini kumwambia mama wa Kiluguru ahamie kwa mwanawe wa kiume si jambo la kutamka ukiwa umesimama mlangoni. Kwetu ardhi ni ya upande wa mama, ni mali ya lukolo, yaani ukoo wake, na mwanamke huishi juu ya ardhi hiyo mpaka siku zake ziishe. Mwanamume ndiye anayehamahama. Mama aliniambia bila kupepesa macho: "Kwako ni kwa mkeo. Mimi ninako kwangu." Tukavutana wee, mwishowe akakubali kuja "kulipumzisha goti", na mimi nikajifanya nimeridhika na neno hilo.

Siku ya tatu tangu afike, asubuhi na mapema, alisimama uani na kusema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe liko wapi?"

Alitaka kupanda ua lake.

Hapa inabidi nieleze mambo mawili, na nitaeleza kama mwalimu kwa sababu ndiyo kazi yangu. Nimefundisha kemia sekondari kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri.

La kwanza ni ua lenyewe. Vitabuni linaitwa haidrenjia. Kijijini kwetu tunaliita ua la masista, kwa kuwa wazee husema masista wa misheni ndio walioleta mbegu ya kwanza. Ni kichaka cha kufika kiunoni, na maua yake hukaa pamoja yakafanya furushi moja kubwa kama kichwa cha mtoto. Kule mlimani kila mlango wa jiko una kichaka chake, na maua ni ya bluu, bluu ile ya kanga iliyofuliwa mara nyingi ikaanikwa kivulini. Lakini bluu hiyo hailetwi na ua, inaletwa na udongo. Udongo wa Uluguru ni mchachu, umejaa tindikali, na ua hili hupenda uchachu kama mjamzito anavyopenda ukwaju. Ukilipanda kwenye udongo wenye chokaa, litachanua la waridi. Chokaa ikizidi, majani yanageuka manjano na mishipa tu ndiyo inabaki ya kijani, na baadaye mti unakufa. Nimewafundisha watoto wa watu mara elfu kwamba karatasi ya litmasi kwenye tindikali huwa nyekundu na kwenye alikali huwa ya bluu. Ua la masista na litmasi ni watani: kila mmoja anafanya kinyume cha mwenzake.

La pili ni kiwanja changu. Niliuziwa na bwana mmoja aliyekuwa akifyatua tofali za saruji hapo kwa miaka. Mafundi wake walilowekea chokaa pale pale ambapo sasa ni ua wangu wa nyuma. Ukichimba futi moja unakutana na saruji iliyoganda, vipande vya marumaru, na vumbi jeupe ambalo sijui hata niliite udongo. Maji ni ya kisima kirefu, na birika letu lina ukoko mweupe ndani unene wa ganda la yai. Mwarobaini umestawi. Bogenvilia imestawi mpaka imekuwa adui. Lakini mmea unaotaka uchachu, hapo, ni sawa na kumpeleka mtu wa Uluguru akalime Dodoma.

Nilimwambia mama yote hayo. Nikashauri tulipande kwenye ndoo kubwa.

"Ua la kwenye ndoo ni mzigo wa safari," akasema. "Muda wote liko tayari kubebwa. Hilo nalo ni ua?"

Akachagua mwenyewe mahali, nyuma ya jiko, kwenye kivuli cha tangi la maji, akachimba huku goti limefungwa bandeji. Jembe likagonga saruji. Akaniangalia kana kwamba ile saruji nimeizaa mimi.

Kijiti kilishika, nakiri. Kikatoa majani. Kisha, kabla miezi mitatu haijaisha, majani yale yakaanza kugeuka manjano. Mama alikuwa analitembelea kila asubuhi kabla hajanywa chai, anainua jani moja, analishusha, anaguna. Siku moja nikiwa ndani nilimsikia akizungumza na jirani yetu ng'ambo ya ukuta. Jirani huyo ni mama wa Kinyamwezi, mjane, mtani wetu kwa kabila na kwa tabia.

"Nyie Waluguru bwana," jirani alikuwa anasema, "mmeshushwa mlimani na miti yenu, mmeiona Morogoro ilivyo joto!"

"Hata ua limekataa," mama akajibu. Hakutania.

Maneno hayo yalinichoma. Nilisimama pale na sahani mkononi nikajiambia: ua likifa, mama ataondoka. Atapanda tena mlima ule na goti lile, ataanguka tena, na safari hii huenda nyimbo zisisikike. Likistawi, likachanua bluu kama la nyumbani, ataona kwamba hapa pia ni kwao, atabaki. Sikumwuliza. Nilijiamulia mwenyewe, kama tunavyojiamulia mambo mengi ya wazazi wetu, na nikaingia vitani.

Nilianza na udongo. Mwisho wa mwezi huo nilipanda kijijini kumwona mjomba, mdogo wake mama, ambaye ndiye msemaji wa ardhi ya ukoo. Nilimkuta anamenya mdalasini barazani.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Goti la dada yangu?"

"Linaendelea vizuri. Nimekuja kuomba udongo."

Akaweka kisu chini. "Watu wanakuja kuomba ndizi, wanakuja kuomba nazi. Wewe unaomba udongo?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akasimama, akanipeleka mwenyewe chini ya vichaka vya mama, akanionyesha pa kuchimba. Udongo mweusi, mwepesi, unanukia majani yaliyooza. "Chukua viroba viwili," akasema. "Lakini fahamu umeazima. Udongo wa lukolo hautolewi." Kisha akaongeza, na mimi sikulitilia maanani hata kidogo: "Na ua likichanua nipigie. Usisahau kunipigia."

Nilishuka na Fuso la ndizi, nimekaa juu ya viroba vyangu. Wapakizi waliniangalia kwa muda, mwishowe mmoja akauliza kwa adabu kama ndani kuna madini, maana kule kwetu wapo wanaochimba vito. Nilipojibu ni udongo wa kupandia ua walitazamana. Nadhani wangenielewa zaidi kama ningesema ni uchawi.

Nilichimba shimo la mita moja kwa mita moja. Nilitoa saruji, nilitoa marumaru, nilitoa hata kiatu cha fundi. Nikamwaga udongo wa mlimani. Juu nikatandaza majani makavu ya mipaini. Nikachukua machicha ya chai ya walimu wenzangu, kila siku mfuko mmoja, mpaka mwalimu wa Jiografia akaanza kunisalimia "Bwana Machicha". Nikanunua kilo ya salfa kwenye duka la pembejeo, ile ya kupulizia mikorosho. Nikaweka mapipa chini ya mabati kukinga maji ya mvua, na nikapiga marufuku tone la maji ya kisima lisiguse mti ule.

Halafu nikaenda sokoni kununua shabu. Shabu ni ile ile ya kusafishia maji ya mtoni na ya kupaka kidevuni baada ya kunyoa. Ina alumini ndani, na alumini ndiyo hasa inayolipa ua lile bluu yake. Nikamwomba muuzaji kilo moja. Akanitazama usoni, akatazama vipande vyake vidogo vidogo vya saizi ya sabuni ya hotelini, akanitazama tena.

"Kilo nzima? Mzee, kwani ndevu unazo ngapi?"

Vuli ilipokuja, majani mapya yakatoka ya kijani kibichi, mazito, yanang'aa. Nilichukua udongo kidogo, nikaukoroga na maji ya mvua, nikachovya litmasi. Nyekundu! Nilimwita mke wangu aje aone. Alikuja na mwiko mkononi, akasema, "Hongera mwalimu," akarudi jikoni. Yeye ni wa Gairo, watu wake wanalima karanga na hawana muda na mimea isiyolika.

Furaha ile haikufika mbali. Januari majani yakaanza tena kufifia. Nikapima: litmasi ikawa na rangi ya bluu. Nikafikiri karatasi zimeharibika, nikachukua boksi jipya shuleni. Bluu. Nikaongeza shabu, nikaongeza salfa, wiki mbili zikapita, bluu.

Nina hasira za karibu, sifichi. Nilimshutumu mke wangu kwamba anamwaga maji ya kisima. Alininunia siku mbili na alikuwa na haki. Nililishutumu tangi kwamba linavuja. Nilimshutumu hata mtani wetu kwamba mbuzi wake wanakojoa karibu na ukuta, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mluguru," akasema, "mbuzi wangu wakikojoa wanakojoa Kinyamwezi, mti wako hautaelewa." Mama alikuwa amekaa pembeni anachambua mchele. Akacheka naye.

Siku moja ya Jumamosi nilikuwa nimekaa dirishani nasahihisha mitihani. Nikamwona mama anatoka jikoni na kopo la maziwa ya unga. Akaenda moja kwa moja kwenye tangi, akainama taratibu kwa ajili ya lile goti, akaanza kunyunyiza kitu kuzunguka shina huku anaimba. Kitu cha kijivu. Nikatoka mbio na kalamu nyekundu mkononi.

"Mama! Hiyo nini?"

"Jivu," akasema, kwa mshangao wa mtu aliyeulizwa jina lake. "Kwani hujawahi kuona jivu?"

Mke wangu anapikia gesi, lakini mama alikataa gesi tangu siku ya kwanza. Alinunua jiko lake la mkaa, na kila asubuhi jivu lake alilikusanya kwenye kopo. Nusu alisugulia masufuria. Nusu aliupa mti. Mama yake alifanya hivyo, na bibi yake pia: jivu hufukuza mchwa na viwavi, jivu hunenepesha mboga. Kule mlimani, kwenye uchachu ule wote, kiganja cha jivu hakifui dafu. Hapa kwangu, juu ya chokaa na saruji, lilikuwa sumu. Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa namwaga tindikali jioni, mama yangu mzazi anaizima asubuhi, na wote wawili kwa mapenzi.

Nilipocheka nilicheka mpaka nikakaa chini juu ya majani ya mipaini. Kisha nikaenda kuchukua litmasi, bilauri mbili, siki na jivu, nikamfundisha mama kemia hapo hapo uani. Mjue kwamba sijawahi kupata mwanafunzi kama yule. Hakusinzia. Hakuangalia saa. Alishika ile karatasi kwa ncha za vidole akaigeuza kila upande.

"Kwa hiyo jivu ndilo linaloleta pinki?"

"Ndiyo mama."

"Na linaua?"

"Likizidi linaua."

"Kuzidi ni kiasi gani?"

Nikafurahi kwa swali hilo, maana ni swali la mwanasayansi. Nikamwonyesha kwa kijiko. Kijiko kimoja cha chakula kwa wiki, nikasema, kwa udongo huu uliokwisha kutibiwa, mti hautakufa, utageuka rangi tu. Ukifika vitatu, vinne, utauua. Akaitikia kwa kichwa. "Kijiko kimoja," akarudia. Akafunika kopo lake akaingia ndani.

Nilimwambia mke wangu usiku ule kwamba tatizo limekwisha. Akasema, "Haya."

Wakati huo mama alikuwa amebadilika, na mimi nilikuwa naliona hilo kwa macho bila kulisoma. Goti lilikuwa limepona kiasi cha kutembea mpaka kanisani na kurudi. Aliingia kwaya ya akina mama, akapewa sare. Alikuwa na bomba uani, na wiki za kwanza nilimkuta mara kadhaa analifungua na kulifunga tu, maji yanamfuata yeye badala ya yeye kuyafuata. Na saa nne kila asubuhi alikwenda kwa mtani wetu kuangalia tamthilia ya Kituruki iliyotiwa Kiswahili. Walikuwa wanagombana juu yake uani kwa sauti: nani atamwoa nani, na yule mama mkwe ni mshenzi kiasi gani. Nilidhani anajisahaulisha tu machungu. Nikazidi kuomba ua lichanue.

Masika yalipokuwa yanaisha, mwaka mzima tangu ashuke, kichaka kilikuwa kimenifika kiunoni. Asubuhi moja nikaona katikati ya majani kitu kama koliflawa ndogo ya kijani. Tumba! Nikahesabu, zilikuwa nne. Sikungoja hata kunawa mikono. Nikampigia mjomba, kama alivyoniagiza.

"Mjomba, ua la mama linachanua!"

"Alhamdu..." akaanza, maana mjomba ameoa Mwislamu na anashukuru kwa lugha zote. "Vizuri sana. Basi Jumamosi ijayo nakuja kumchukua."

"Kumchukua nani?"

"Dada yangu! Hakukwambia? Usiku wa kuamkia kuondoka, wewe umeshalala, alituahidi ukoo mzima, pale barazani, mbele ya dada zake wote. Alisema, 'Nakwenda kumpandia mwanangu ua. Likichanua la bluu kama haya, narudi kwangu.' Nyumba yake tumeshaifagia."

Sikumbuki niliagana naye vipi. Nakumbuka nilikaa kwenye ukingo wa karo la maji na simu mkononi, na tumba nne zikiniangalia. Mwaka mzima! Viroba vya udongo, salfa, shabu, machicha ya chai, nimeitwa majina na watu wazima, kumbe nilikuwa namfukuza mama yangu kwa mikono yangu mwenyewe. Nilihisi mjinga, na chini ya ujinga huo nilihisi huzuni ya kitoto kabisa, ile ya kuachwa.

"Mwambie asiende," mke wangu alisema.

Ningemwambiaje? Ahadi ni deni, na hii aliitoa mbele ya lukolo yake. Mimi ni mwanawe, siyo mjomba wake. Jumatano nilichukua mkasi nikaenda mpaka kwenye tangi. Tumba zilikuwa zimeanza kufunguka, nyeupe nyeupe, rangi bado haijaingia. Nikaangalia kazi ile nzuri. Nikarudisha mkasi ndani, nikamwona mama ananitazama kutoka kwenye kigoda chake.

Jumamosi mjomba alifika na mkungu wa ndizi na fungu la mdalasini. Mama alikuwa amevaa kitenge chake kizuri. Begi lake lilikuwa mlangoni, limefungwa, na kinu kiko juu yake. Nilipoliona begi lile nikaenda kuosha uso ambao haukuwa mchafu. Alhamisi na Ijumaa nilikuwa nimekaa shuleni mpaka jioni ili tu nisipite nyuma ya jiko nikayaona maua.

Tulikunywa chai. Mjomba akasema, "Haya dada, tulione hilo ua." Tukatoka wote: mama, mjomba, mimi, mke wangu. Mtani wetu alikuwa ameshaegemea ukuta wake, kwa bahati tu, kama kawaida yake.

Maua manne yalikuwa wazi, makubwa, yamejaa. Yalikuwa pinki. Hayakuwa bluu iliyofifia wala zambarau ya kubishaniwa. Pinki ya peremende.

Mjomba akakizunguka kichaka mara mbili. Akainama, akasimama. "Dada," akasema, "huu ni ule udongo wangu?"

"Ni wenyewe."

"Umekuwaje?"

"Umeshazoea mjini," mama akasema. Akakunja mikono. "Mdogo wangu, mimi ni mtu wa kusema na kutenda. Nilisema nini pale barazani?"

"Ulisema likichanua la bluu."

"Na hili ni la bluu?"

Mjomba akalitazama muda mrefu, akanitazama mimi, akamtazama dada yake, ambaye uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu anayesikiliza mahubiri. Nikaona ncha za sharubu za mjomba zinacheza.

"Hapana," akasema. "Kwa haki, hili si la bluu."

"Basi siwezi kurudi na uongo mdomoni. Waambie dada zangu nasubiri la mwakani. Na nyumba yangu asiichezee mtu."

Mtani wetu alicheka peke yake huko ukutani mpaka akakohoa. Mke wangu alikuwa anaangalia mawingu. Nikaangalia chini. Majani ya mipaini yalikuwa yamesogezwa kidogo karibu na shina, na chini yake kulikuwa na duara dogo la kijivu, safi, la kipimo cha kijiko kimoja. Mwanafunzi wangu bora. Ilikuwa wazi kwamba kila mtu katika ua ule alikuwa anajua isipokuwa mwalimu wa kemia.

Mama hawezi kuwaambia watu wake kwamba amependa kukaa kwa mwanawe, na mimi siwezi kumlazimisha aseme. Nilichukua begi mlangoni, nikalirudisha chumbani kwake, nikaweka kinu mahali pake. Nilikuwa na furaha hata nikaogopa itaonekana. Mjomba alikula wali, akalala saa moja, akapanda gari la jioni na kijiti cha pinki kwenye ganda la mgomba. Alisema anataka kuona kitageuka rangi gani huko juu.

Jumamosi iliyofuata niliamka mapema. Jiko la mama lilikuwa limepoa, na kopo liko pembeni yake. Nilitembea nalo mpaka kwenye tangi, nikasogeza majani ya mipaini, na mimi niliyefundisha nusu ya mji huu kwamba jivu ni alikali nikaanza kunyunyiza taratibu kuzunguka shina. Nikahisi mtu nyuma yangu. Mama alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai.

"Unazidisha," akasema. "Ulisema mwenyewe, kijiko kimoja."